Behewa la Tatu

Mume wangu Kornel alikuwa mtu mwema, na wema wake huohuo ndio unaonikera hadi leo, ingawa amekwisha zikwa. Watu wa Usinge hawapendi kusikia akisemwa. Basi wazibe masikio! Mimi nilimpikia miaka thelathini na moja, nitasema.

Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi pwani. Alimwachia mwanawe sheria za msafara, na moja Kornel aliishika kama amri ya Mungu: mzigo ukishalazwa pamoja na ya wenzako, hauondoki peke yake. Ukiondoka, safari nzima imeingia mkosi.

Mwaka mmoja wa vita vya Hitla, mvua iligoma upande wa Nzega. Sisi tulikuwa na mihogo, ndugu zetu wa Bukene hawakuwa na kitu. Tukawa tunawapelekea makopa, mihogo iliyokaushwa, kwa treni, kila mtu na gunia lake, na nauli ilitukamua kweli. Kornel akaenda kumuuliza karani wa stesheni, akamuuliza mpaka karani akachoka. Akarudi anacheka. Tukijaza behewa zima, magunia themanini, nauli inashuka karibu nusu. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akawaambia watu baada ya misa. Mabehewa mawili yakaenda salama. Walimsifu, na mimi nilijivuna, sitasema uongo.

La tatu ndilo lililonivunja. Gunia langu la makopa ya mama yangu kule Bukene lilikuwa bandani na mengine sitini na nane. Tulikuwa tunangoja kumi na moja ya Limbu, anayelima ndani kabisa ya msitu, mwendo wa siku mbili na mzigo kichwani. Ndipo Yahaya, gadi wa treni, akaniletea salamu za kaka yangu Silasi: mama hainuki tena kitandani, wanamchemshia mizizi ya porini ale.

Nikamkimbilia Kornel bandani.

"Baba Marko, nitolee gunia langu. Liende na treni ya kesho."

"Mama Marko, limekwisha lazwa."

"Mgonjwa haulizwi uji! Nauli nitaitafuta mwenyewe."

"Si nauli. Nikitoa lako, kesho Anton atataka lake. Behewa litajazwa na nani? Hao wote wana mama zao huko. Limbu yuko njiani, vumilia siku mbili."

Loo, nilimtukana siku ile! Hata marehemu baba yake sikumwacha, Mungu anisamehe. Nikalishika gunia, nikaliburuta hadi mlangoni. Wanawake wenzangu walikuwa wamekaa pale nje wakinitazama. Hakuna aliyenizuia. Nikaona aibu, nikaliacha. Nililiacha mwenyewe, kwa mikono yangu, na hilo linaniuma kuliko ukaidi wote wa Kornel.

Limbu alifika siku ya tisa. Wapagazi wake wawili walikuwa wameshikwa na homa njiani, naye hakutaka kuwaacha porini. Nani amlaumu? Behewa likajaa, likafungwa, likaondoka.

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya Silasi. Mimi sijui kusoma, kwa hiyo Kornel akaifungua, akasimama katikati ya nyumba akaanza kusoma kwa sauti. Ghafla akaishusha barua.

"Soma," nikamwambia.

"Eustadia..." Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu tumzae Marko.

"Nimesema soma!"

Akasoma. "Shemeji, mzigo umefika salama, haukupungua hata kopa moja. Mama tulikuwa tumemzika siku nne kabla. Makopa tumewapikia watu wa matanga, wameshiba. Tunakushukuru sana."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, mpaka kwenye shukrani.