Fundi agoma kushona lebo shingoni mwa watoto

Saa mbili asubuhi, na fundi cherehani huyu hajagusa hata kazi moja ya mteja. Amekaa kwenye stuli, gauni la shule la bluu limelala mapajani, ndani nje. Kwa ncha ya wembe anafumua mshono mmoja baada ya mwingine, taratibu, asitoboe kitambaa.

"Nimelishona mwenyewe hili," anasema bila kuinua macho. "Kwa mikono hii hii. Ndilo linaloniuma."

Gauni ni la mjukuu wake wa miaka sita, aliye darasa la kwanza. Muhula huu amerudishwa nyumbani mara tatu. Kosa lake ni kuvua sare darasani. Mara ya mwisho alichapwa fimbo nne kwanza. Wenzake wamempa jina: Upupu, kwa jinsi anavyojikuna.

Mtaani fundi huyu wanamwita Mama Pindo. Amemlea mtoto huyo tangu akiwa mchanga, na anakumbuka mengi. Alikataa kushika uji kwa vidole. Alilia akikanyaga majani. Soksi aliivuta mpaka mshono wa vidoleni ukae juu. Ukimpapasa kichwani analia, ukimbana kifuani kwa nguvu anatulia, analala.

"Watu wakasema nimemdekeza, nami nikaamini. Nikawa namfokea. Miaka minne namfokea mtoto kwa ngozi aliyozaliwa nayo."

Mwezi uliopita tabibu wa watoto hospitalini ndiye aliyemfumbua macho.

"Aliniambia, 'Bibi, lebo ikikugusa wewe ni nzi katua, unasahau. Kwa huyu ni siafu. Ubongo wake bado haujui kuipuuza. Nani atasoma herufi na siafu shingoni?'"

Akapewa barua ya kuomba mtoto aruhusiwe sare isiyomchoma, akaipeleka kwa mwalimu mkuu.

"Akaisoma nusu. Akasema, 'Mama Pindo, watoto mia mbili wanavaa sare hii, iweje mmoja ndiye awe malkia?' Nikamuuliza, hao mia mbili umewauliza? Akacheka, akasema, 'Kwani sare si unashona wewe?'"

Ni kweli. Kwa miaka kumi na moja Mama Pindo ndiye anayeshona sare zote za shule hiyo. Kila kola ameitia lebo ngumu yenye jina la shule, akaishikiza kwa uzi wa nailoni kwa sababu haukatiki upesi. Leo akisugua ncha za uzi huo kwenye kiwiko chake, zinachoma kama miiba ya samaki.

"Shingo ngapi nimezipima kwa futi," anasema. "Hata moja sikuiuliza inasikia nini."

Jirani yake, muuza mkaa, anachungulia mlangoni. "Wewe mama, utapoteza kazi ya shule kwa ajili ya kiuzi? Si umshonee sare ya godoro, yaishe."

"Ningekuwa na godoro ningeanza kukuziba wewe mdomo, shemeji."

Muuza mkaa anacheka. Mama Pindo hacheki. Sare za shule ni zaidi ya nusu ya kazi yake ya mwaka, na oda ya muhula ujao imeshafika. Ameirudisha na ujumbe: lebo itakaa nje, mfukoni, au hashoni. Mwalimu mkuu amejibu kwamba mafundi wako wengi.

"Wako. Awape."

Kufikia alasiri gauni la mjukuu lina mishono nje, na ndani amelitia pamba laini iliyofuliwa mara nyingi. Mwalimu mkuu amesema mtoto aliyevaa nguo kinyume hapiti getini.

"Jumatatu naenda naye," anasema Mama Pindo, akipuliza vumbi la nyuzi kwenye wembe. "Simtakii upendeleo. Nataka akae mpaka kengele ya mwisho, akili iwe ubaoni, isiwe shingoni. Mimi nitakaa kizingitini pa darasa na kazi yangu ya mkono. Atakayetaka kumtoa, aanze kuniruka mimi."