Ramani ya Rula

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, alichora ramani za majengo ofisini kwa miaka thelathini na sita, na wenzake huko wakambandika jina la Rula. Alipostaafu na kubaki mgane, binti yake alimchukua akaishi naye, na mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia. Nyumba nzuri, chumba chake mwenyewe chenye dirisha. Sikujua kwamba kuna karatasi.

Karatasi hiyo hubandikwa kwenye jokofu kila asubuhi kabla binti hajaenda kazini. Siku ninayoisimulia ilikuwa na mambo tisa: nyama ya mbwa kutoka buchani, nguo za kuanika, mchanga wa paka wa kubadilisha, kidonge cha mbwa saa sita na tena saa moja jioni, kumsubiri fundi wa mashine ya kufulia ambaye angefika wakati wowote kati ya saa tatu na saa tisa, na mengineyo. Mtoto si mbaya, naomba nieleweke. Anampenda baba yake na anaamini kazi ndogo ndogo zinamchangamsha. Mbwa ni kizee mwenye kifafa, akiachwa peke yake hulia mpaka majirani wagonge geti. Paka tunamwita Mkurugenzi, kwa kuwa hulalia karatasi za watu na hana kazi anayoifanya.

Sasa, siku hiyo hiyo saa kumi jioni, maktaba ilikuwa inafunga kupokea michoro ya maonyesho ya wakazi. Mada ilikuwa "Nyumbani". Rula amependa picha tangu ujana. Jumapili alikuwa akimpeleka dada yangu kwenye kumbi za picha na kusimama mbele ya picha moja mpaka dada anakaa chini sakafuni kwa kuchoka. Lakini hajawahi kuona kitu cha mkono wake kimetundikwa ukutani. Mchoro huu aliuhangaikia miezi mitatu, kwa wino, akimwondoa Mkurugenzi juu ya karatasi kila baada ya dakika kumi.

Saa nane akanipigia simu, sauti chini kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Fundi hajatokea, je, ningeweza kuja kukaa na mbwa? Nilimkuta barazani, tai shingoni, mchoro umeviringishwa kwapani. Nikamwambia aende. Akanijibu kwamba namba saba, ile ya fundi, bado haina alama ya vema. Nikamwambia alama nitaiweka mimi kwa mkono wangu huu. Akasema kazini kwao mtu hatoki kabla orodha ya saa hizo haijakamilika. Damu ilinichemka. Mtu mzima na akili zake, amesimama anasubiri fundi na saa zinakwenda! Fundi alifika saa tisa na robo, akakaza kitu kimoja, akaondoka. Rula akaweka alama yake, akatoka mguu niponye.

Alirudi saa kumi na nusu, mchoro bado uko kwapani. Nikauliza kama alikuta wamefunga. Akalegeza tai, akanieleza polepole.

Alifika dakika ishirini kabla ya muda. Mkutubi, mama mmoja mwenye miwani, aliukunjua mchoro, akautazama kwa muda mrefu, akausifia, akamwambia atie sahihi ili auandikishe. Sasa Rula, kwa mazoea ya ofisini, alikuwa amechora pembeni nafasi tatu: Amechora, Amekagua, Ameidhinisha. Ya kwanza aliijaza papo hapo. Mkutubi akasema hiyo inatosha kabisa. Rula akakataa. Katika miaka yote ile hakuna karatasi yake iliyotoka mlangoni bila sahihi ya mkubwa wake. Basi akampigia binti yake kumwomba idhini. Binti alikuwa kikaoni. Akapiga mara nne. Ilipogonga saa kumi, yule mama akafunga daftari na kumwomba radhi.

"Rula," nikamwambia, "mtoto uliyemzaa mwenyewe, ulikuwa unamwomba ruhusa ya nini?"

"Nyumba ni yake, shemeji."

Nikaenda jikoni kuchemsha chai. Niliona uchungu kweli, na nilimwonea hasira dada yangu aliyekufa na kuniachia mambo haya.

Binti aliingia jioni karibu na saa moja, akihema, akisema zile simu nne zilimtia hofu, alidhani mbwa amekufa. Akaona karatasi ya mchoro mezani, akaona nafasi mbili tupu pembeni, akauliza kama ni ya fundi. Baba yake akamwambia atie sahihi tu. Akatia zote mbili, ndipo akainama kutazama.

"Kumbe ni nyumba yetu!"

Kila kitu kilikuwemo: jokofu, bakuli la paka, kamba ya nguo, hata msumari wa kutundikia mnyororo wa mbwa. Akaweka kidole kwenye mistari ya nukta nukta iliyozagaa kila mahali. Alipokuwa mdogo baba yake alimfundisha kwamba kwenye ramani mistari ya namna hiyo ni mabomba yaliyofukiwa.

"Mbona mabomba yanapita jikoni mara nyingi hivi?"

"Siyo mabomba," Rula akasema. "Ni mimi, siku moja."

Kidole kikafuata nukta. Kutoka kitandani hadi kwenye jokofu, kutoka kwenye jokofu hadi kwenye kamba, kurudi, kwenda kwa mbwa, kurudi. Mbele ya jokofu nukta zilikuwa nyingi hadi pamekuwa doa jeusi. Getini zilitoka mara moja tu, pameandikwa kwa herufi ndogo "bucha", zikarudi ndani.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

Rula alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja kamili. Akainuka kwenda kuchukua kidonge cha mbwa, na sisi wawili tukabaki mezani tukisikiliza kandambili zake zikielekea kwenye jokofu.