Koti la Kafa Ulaya

Mimi si mwepesi wa kuamini kitu, na koti ndiyo kabisa. Miaka ile mitumba ilipofunguliwa milango, gulio la Kibiti lilijaa nguo za Ulaya zilizomwagwa kwenye maturubai, watu wakizifukua kama kuku jaani. Nilisimama kando nikizitazama kwa jicho la pembeni. Nguo nzima hivi, rahisi hivi? Lazima palikuwa na jambo.

Lakini koti nililihitaji. Nilikuwa mchanjaji, nimepewa pikipiki ya kuwafuata watoto vijijini, na kazi hiyo huanza alfajiri kabla kina mama hawajatawanyika mashambani. Watu husema Rufiji ni joto tupu. Na waipande pikipiki mwezi wa saba, kipupwe kikivuma na ukungu umelala bondeni. Mwaka uliotangulia nilipatwa na kichomi kilichonilaza hoi, na daktari akaniambia kifua changu hakitastahimili kingine. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nilikuwa nikishtuka hata nikisikia upepo dirishani.

Basi nikachagua kwa tabia yangu. Jaketi la jinzi nililirudisha, maana upepo ulipita kwenye vifungo. Koti la mpira nililikataa pia: unatoka jasho ndani, kisha jasho lenyewe linageuka baridi. Mwisho nikashika koti jeusi la ngozi, refu hadi magotini, lina manyoya ndani na mikono inayobana kwenye vifundo. Nikapekua mifuko, nikanusa makwapa, nikatafuta tundu la risasi au doa la damu. Halikuwa na kasoro, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

"Mwenyewe kalichoka tu, kaka," muuzaji alisema, bila kunitazama usoni.

Mama yangu alipoliona alirudi nyuma hatua.

"Mwenye hili kafa," alisema. "Mtu hatupi koti zima akiwa hai. Hizi si ndizo wanaziita kafa Ulaya?"

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa upande wake. Akalifuta kwa maji ya moto, akalitundika juu ya chetezo, akalifukiza ubani huku akisoma dua, mpaka nyumba nzima ikanuka. Nikalala nikiwa na amani kidogo.

Alfajiri nikavaa sweta, nikapanga magazeti kifuani, yale mapya ya watu binafsi yaliyokuwa yameanza kuchipuka kila wiki, kisha koti juu yake na kitambaa usoni. Nikafunga sanduku la chanjo nyuma, nikashika barabara ya Nyamwage, halafu njia ya ndani kuelekea kijiji kimoja. Kijiji cha jirani surua ilikuwa imeshaingia. Barafu yangu ingevumilia asubuhi ile tu. Nikirudi na chanjo, ugonjwa ungewakuta watoto hawana kinga.

Nilikuta mikeka imetandikwa, moto unafuka, na hakuna mtu. Milango yote ilikuwa imefungwa. Alibaki bibi mmoja barazani, miguu yake haikuweza kukimbia, na mapajani ameweka mchi wa kutwangia.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. "Hilo sanduku la nini?"

"La chanjo, bibi. Lina barafu ndani."

"Barafu ya kutunzia nini?" Akavuta pumzi puani. "Na mbona unanuka maiti?"

Hapo ndipo nikaelewa. Mumiani, yule mnyonya damu ambaye kila mtu anamjua na hakuna aliyemwona, huja na giza, amevaa koti jeusi, amebeba chombo cha kutilia damu. Mimi nilikuwa nimetimiza vyote, na juu yake mama kanifukizia ubani, harufu ya chumba cha kuoshea maiti. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliogopa mchi ule, lakini niliogopa zaidi barafu iliyokuwa ikiyeyuka.

Nikafungua kitambaa. Nikavua koti, nikalitupa mbali. Nikavua sweta, nikatoa gazeti baada ya gazeti, mpaka nikabaki na shati, meno yakigongana. Kisha kikohozi kikanishika, kile kirefu cha kuinamia magoti, nikaona kichomi kimenirudia na nitafia pale uwanjani kama mwizi.

Bibi alisikiliza mpaka kikaisha.

"Hicho kifua kibovu," alisema. "Mumiani hapigwi na baridi, kashiba damu za watu." Akapaza sauti mlangoni: "Mleteni mjukuu wangu. Na lile koti libaki palepale nilione."

Nilimchanja mtoto huku mchi umeinuliwa juu ya mkono wangu. Mtoto akalia, kisha akanyamaza akanyonya kwa mama yake. Mlango wa pili ukafunguka, halafu wa tatu. Nilifanya kazi nikitetemeka, na kila mwanamke aliyepita alilizunguka lile koti kwa mbali. Barafu ilikwisha, na chanjo nayo.

Jua lilikuwa limeshapanda. Nikaliokota koti, nikalifunga nyuma ya pikipiki badala ya kulivaa, nikamuaga bibi. Alikuwa ameuweka mchi chini.

"Marahaba, mwanangu," alisema.