Roboti Yangu na Ubwabwa wa Bi Tatu

Mimi ni profesa wa uhandisi, na kazi yangu ni roboti za kusaidia wasiojiweza. Juzi niliipeleka moja kijijini Mzenga, imlishe Bi Tatu, ambaye mikono yake imepooza, mbele ya majirani waliojaa ukumbini kwake. Ikachota ubwabwa vizuri, ikampelekea. Bibi akafumba mdomo.

Nikamgeukia mkuu wangu wa idara, niliyefuatana naye, nikamweleza kitaalamu kwamba wazee huogopa mashine.

"Siogopi, mwanangu," akasema bibi. "Ina mikono miwili, inanilisha kwa kushoto. Nani kaifundisha adabu hiyo?"

Roboti yangu hujifunza kwa kumwiga anayeifundisha. Ukumbi mzima ukautazama mkono wangu wa kushoto, ulioshika andazi nililokaribishwa na bibi, lenye alama ya meno yangu.