Uliza Kwanza Mama Atalala Wapi

Nakumbuka jioni moja ya mwezi wa saba, kule Bruseli, mama yangu ameketi juu ya valizi yake ya nguo katikati ya sebule ya mdogo wangu, mikono juu ya magoti, hajavua hata koti. Saa za kulala zilikuwa zimefika lakini jua bado lilikuwa dirishani, maana kule Ulaya wakati wa joto jua halina haraka ya kuzama. Tulikuwa tumesafiri sana, tumekula, na kila mtu amechoka. Mama alikuwa anangoja aambiwe mahali pengine pa kulala, na mtu wa kumwambia nilikuwa mimi.

Mwanangu, jana ulikuja hapa kwangu, mtaa wa Mapendo, na simu yako, ukanionyesha safari unayompangia mama yako. Miji miwili ya Ulaya, Bruseli na Paris, kulala bure kwa jamaa, mchana kutembea, na bei yake hata mimi niliipigia makofi. Ulifurahi, nami nikafurahi nawe. Sikutaka kukukatisha mbele ya wageni. Leo kaa kidogo, chai ingali moto, nikuambie yaliyonipata na mpango uliofanana na wako kama pacha.

Wakati ule mimi Masika nilikuwa na nguvu zangu. Nilikuwa nanunua vitenge Kampala na kuviuza hapa Goma, na mwenye duka akiniona tu ninaingia alianza kupangusa jasho kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa najisifu, lo! Nilidhani mtu anayejua bei anajua kila kitu.

Lakini ili unielewe, nikurudishe nyuma kidogo. Sisi ni watu wa Butembo, ila baba alikuwa na duka Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, na hapo ndipo vita vilitukuta. Baba alikuwa ameshafariki. Tulikimbia mama, mimi, mdogo wangu Kavira, na mume wake Kasereka, ndoa yao ikiwa bado mbichi. Tulipofika Kibumba, kwenye baridi na mvua, Kavira alikuwa na homa, hawezi kuinua mguu. Kasereka akambeba mgongoni. Mama akasimama palepale kwenye matope, watu wakipita huku na huku, akaweka nadhiri kwa sauti: "Bikira Maria, ukinifikishia hawa batoto bazima, nitakuja mwenyewe kwako Lurdi kusema aksanti." Lurdi, unajua, ni kule Ufaransa, mahali Bikira alipomtokea yule msichana maskini.

Tulifika Goma sote wazima. Tukapewa mahali pa kulala katika darasa la shule, pamoja na familia tusizozijua.

Sasa sikiliza vizuri. Katika jamaa yetu, mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Si chuki hiyo, wala si kiburi. Yule kijana umempa mtoto wako, basi unampa na nafasi ya kuwa mwanaume nyumbani kwake, naye anakupa wewe nafasi ya kubaki mama. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Lakini vita havina macho. Katika darasa lile mama alilala majuma mengi hatua chache kutoka kwa mkwe wake, kati yao kitenge kimoja kimetundikwa juu ya madawati. Aliamka kabla ya wote ili avae nguo gizani. Hakulalamika hata mara moja, na mimi kwa ujinga wa ujana nikafikiri amezoea.

Baadaye Kavira na Kasereka waliendelea mbele, wakapitia Uganda, na baada ya kuhangaika sana wakapokelewa Ubelgiji. Miaka ikapita. Mama alikuwa anamsikia Kavira kwenye simu tu, na akimaliza kuongea anabaki ameshika simu mkononi kama vile bado ina mtu ndani.

Ikafika miaka ya utulivu kidogo, biashara ikasimama, nikasema: sasa ni wakati. Nitampeleka mama Ulaya, amwone mtoto wake na alipe nadhiri yake. Wenzangu waliokuwa wamesafiri walikuwa wanajigamba kwa miji sita, saba, leo hapa kesho pale, na wakirudi hawakumbuki hata jina la barabara moja. Mimi nikasema hapana, hiyo ni kukimbia, na kukimbia tumekimbia vya kutosha. Tutakuwa na miji miwili basi. Kwanza Bruseli kwa Kavira, ambako tutaacha mizigo na kutoka asubuhi kutembelea mahali pengine, kurudi jioni. Kisha treni mpaka Lurdi, tulale kwa masista wanaopokea mahujaji kwa bei ya huruma. Nikachagua siku zilizo mbali na sikukuu kubwa, wakati vitanda havigombaniwi. Feza ya Lurdi nikaitenga peke yake, nikaifunga kwenye kitambaa kiunoni, kama tunavyofanya sisi watu wa safari. Ulikuwa mpango mzuri, hata leo nausifu. Ulikuwa na tundu moja tu.

Siku nilipomsomea mama ule mpango, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja. Kwa Kavira kuna vyumba vingapi? Nikamwambia kimoja na sebule, kinatosha, na nikaongeza kwa kucheka kwamba asianze mambo ya mkwe, Ulaya hayapo. Akasema, "Haya." Wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu faida. Kavira naye aliniuliza jambo hilohilo kwenye simu, tena kwa kusitasita, nami nikamjibu kwamba kulipa chumba wakati mtu ana ndugu mjini ni kutupa feza barabarani.

Basi tukafika. Jinsi Kavira alivyomkumbatia mama pale uwanja wa ndege, sitakueleza, nitalia bure. Kasereka alisimama mbali kidogo, kichwa chini, akasalimia kwa heshima, akachukua valizi bila kumtazama mama usoni. Nyumbani chakula kilikuwa tayari. Kasereka alikula jikoni, mama sebuleni. Hata hapo sikuona kitu.

Ilipofika saa ya kulala nikatandika. Mama kwenye kiti kirefu cha sebuleni, mimi chini kwenye godoro, Kavira na mume wake chumbani. Tatizo ni kwamba ili Kasereka atoke chumbani afike chooni, ilikuwa lazima apite mbele ya miguu ya mama mkwe wake. Mama alilitazama lile godoro, akautazama ule mlango wa chumba, kisha akaenda kuketi juu ya valizi. Nikamwambia, mama, lala basi, ni siku chache tu.

Hakupandisha sauti. Alisema: "Masika, wakati ya vita nililala fasi nilipata, na sikusema kitu. Leo hakuna mutu ananifukuza. Juu ya nini unanilalisha tena sawa mukimbizi?"

Mwanangu, nimetukanwa sokoni, nimefokewa na askari barabarani, lakini hakuna maneno yaliyonikata kama yale. Kavira alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka. Na Kasereka, aliyekuwa jikoni amesikia yote, alichukua koti lake, akafungua mlango taratibu, akaenda kulala kwa rafiki yake upande wa pili wa mji.

Mama alipojua asubuhi kwamba Kasereka hakulala nyumbani, ikawa mbaya zaidi. Alishika kichwa. Akasema sasa amefukuza mwanaume katika nyumba yake mwenyewe, yule aliyembeba mtoto wake Kibumba. Kisha akaniuliza kama ile feza ya Lurdi bado ninayo. Nikamwambia iko kiunoni. Akaniambia nitafute chumba karibu.

Hapo ndipo nilianza kupigana, mimi niliyezoea kushinda kila bei. Nikasema tutakopa. Nikasema Kavira ataongeza, lakini Kavira na mume wake walikuwa wamekaza mkanda miezi mingi ili kutupokea, na mama alijua. Mwisho nikalitoa neno zito, nikamuuliza nadhiri yake itakuwaje.

Akajibu: "Siwezi kwenda kupiga magoti kwa Bikira Maria na haya hii mu macho. Yeye ni mama, atajua."

Tulipata chumba kwa mjane mmoja mzee, juu ya duka la mikate, mtaa uleule. Kilikuwa kidogo, kitanda na kiti na dirisha la uani. Mama alipokea ufunguo, akafunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Akavua viatu. Akalala, na akalala mpaka mchana ukaisha, mimi nimekaa kwenye kiti namtazama. Tangu Kalengera sikuwa nimemwona mama yangu akilala mchana. Niliona aibu, na pia nilifurahi, vyote kwa pamoja.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri, sitakudanganya. Kasereka alirudi kwake. Kila asubuhi Kavira alikuja na mkate uliotumwa na mume wake, akakaa kitandani kwa mama wakaongea Kinande, lugha yetu ya Butembo, mpaka mimi nikachoka kusikiliza. Siku moja tulienda Ostende kuona bahari. Kasereka alitusindikiza, lakini alikaa mwisho kabisa wa behewa, mgongo wake kwetu, na kila tulipofika kituo alisimama kuhakikisha mama mkwe yupo. Mama alicheka amejifunika mdomo kwa kitenge. Alipoonja maji ya bahari akasema chumvi yote hii, na sisi tunauziwa kwa kijiko. Kisha feza ikaisha, tukarudi Goma. Lurdi hatukuiona.

Hapa Mapendo majirani walipomuuliza habari za Ulaya, aliwasifia mkate, na jua lisilotaka kulala, na akawaambia kwamba alikuwa na mlango wake na ufunguo wake. Hakumwambia mtu yeyote kwa nini hakufika Lurdi. Nami nikafikiri yameisha. Mpaka siku moja nilimfuata parokiani, nikamkuta amepiga magoti mbele ya lile pango la Bikira, mfano wa lile la Lurdi, walilolijenga kwa mawe yetu ya volkano, hajui kwamba niko nyuma yake. Alikuwa anasema: "Mama, nilifika karibu. Unisamehe."

Anaomba msamaha yeye! Kosa langu, na yeye ndiye aliyepiga magoti. Njiani nikamwambia nimesikia, na kwamba mwenye deni ni mimi. Nilimwahidi kumrudisha. Akanishika mkono, akasema, "Ungeniuliza tu, mwanangu." Baadaye vita vilirudi barabarani, viza zikawa ngumu, miguu yake ikachoka, na mwisho tukamzika bila yeye kufika.

Nimelifikiria jambo hili miaka yote. Ningemuuliza hapahapa Goma, kwa utulivu, ningepunguza siku za Bruseli. Ningeacha bahari. Ningengoja mwaka mmoja zaidi niuze vitenge vingine. Kila kitu katika mpango ule kingeweza kupunguzwa, isipokuwa kile alichokipunguza yeye, Lurdi. Rahisi ghali, wanasema, na mimi mfanyabiashara ndiye niliyehitaji kufundishwa.

Basi, mwanangu, mpango wako wa miji miwili usiubomoe, ni mzuri. Kaa katika kila mji mpaka mguu uzoee, toka asubuhi, rudi jioni. Tafuta bei, bishana, usione haya, kuuliza si ujinga. Lakini kabla hujauliza bei ya kitu chochote, nenda leo kwa mama yako, kaa chini, umuulize: mama, ungependa kulala wapi, na ni nani usiyetaka alale mlango wa pili? Na akikujibu "haya" peke yake, usiinuke. Ngoja. Mzee aliyelala wakati wa vita mahali popote alipotupwa amejifunza kunyamaza, na kunyamaza kwake si kukubali. Jibu lake ndilo liwe mwanzo wa hesabu yako. Yanayobaki, punguza unavyotaka.

Nenda sasa, chai yenyewe imepoa. Mungu akufungulie njia wewe na mama yako, viza itoke, feza itoshe, na Bikira Maria awatangulie. Mulale pazuri, muamke bila kufukuzwa na mutu, na mama yako arudi hapa Goma akiwa amefika kote alikotaka kufika.