Kinyozi asiye na tonsili

Saa mbili asubuhi, kinyozi anayeitwa Profesa anamwinamisha mteja kichwa, anapitisha vidole nyuma ya masikio yake, kisha anazima mashine.

"Bwana mkubwa, tezi zimekuvimba huku. Una kidonda kichwani?"

"We kinyozi au daktari?"

"Nenda kaonwe kwanza. Nywele hazikimbii."

Kichekesho ni kwamba Profesa, mwenye miaka thelathini na minne, tezi hizo mwenyewe ni kama hana. Tonsili pia hana, na hakuna aliyezitoa. Hazikuota tu.

Jina la Profesa alipewa na wanafunzi wa udaktari. Mara mbili kwa mwaka hualikwa hospitali, akafunua kinywa, nao wakapanga foleni na tochi zao.

"Wanatafuta weee! Mmoja akaniambia tonsili zangu ziko vizuri kabisa. Nikamwambia, mwanangu, rudi darasani."

Alizaliwa na upungufu wa kinga wa kurithi. Kabla ya kutimiza miaka tisa nimonia ilikuwa imemlaza mara sita, na sikio la kushoto likaharibiwa na usaha. Siku moja muuguzi alimmulika kooni, akamuuliza mama yake mtoto alitolewa tonsili lini. Mama akashangaa, maana mwanawe alikuwa hajawahi kuguswa na kisu. Damu ikapimwa, na ugonjwa ukajulikana.

"Daktari alinieleza kwamba tonsili na tezi ni kambi," anasema. "Kuna chembe za damu zinazotengeneza kinga, ndizo zinazokaa humo na kuzikuza tezi zenyewe. Mimi chembe hizo sina. Kambi angeijenga nani?"

Tangu hapo hutundikiwa dripu ya kingamwili kila baada ya wiki nne, na afya yake haina mgogoro. Usafi wake ndio balaa: spiriti kila mahali, hadi wateja humuuliza kama wamekuja kunyolewa au kupasuliwa.

Leo, hata hivyo, macho yake hayaachi mlango. Miezi minne iliyopita dada yake alijifungua mtoto wa kiume, na kasoro hii hupitia kwa mama ikawapata wavulana. Majibu ya damu ya mtoto yanatoka asubuhi hii.

Saa tano dada anaingia, mtoto mgongoni. Hata salamu hatoi.

"Kaka, kakufuata wewe," anasema, na machozi yanamtoka.

Profesa anamwacha mteja mwingine na nywele nusu, anampokea mpwa wake.

"Sasa unalia nini? Kwani mimi maiti?"

Mteja anaangua kicheko. Dada naye anacheka huku analia, na mimi niliyekuja kuandika habari zake natazama pembeni nijifute macho.

"Mimi walinigundua nikiwa na miaka tisa, sikio limeshakwenda," Profesa anamwambia. "Huyu hajakohoa hata mara moja. Tumemuwahi, dada yangu."

Anachopanga sasa ni kuiomba kliniki iwape yeye na mpwa wake tarehe moja ya dripu, viti viwili vya jirani.

"Nimetundikiwa dripu miaka yote hii nikidhani niko peke yangu duniani," anasema. "Huyu akigeuza shingo, atamwona mjomba wake."