Tenda ya Mazulia Niliyonyang'anywa na Kampuni Hewa

Nimewahi kunyang'anywa tenda na kampuni ambayo haipo duniani.

Najua haipo kwa sababu niliitunga mimi mwenyewe, siku ya Jumanne, nimevaa bukta, juu ya meza ya kushonea ya mama mkwe wangu.

Cheka taratibu, nitakueleza.

Kazi yangu ni kusafisha mazulia. Nina mashine. Inamwaga maji na dawa, inasugua, halafu inanyonya maji machafu mpaka unaona aibu kwa niaba ya mwenye nyumba. Niliinunua kwa pesa niliyopewa nilipopunguzwa kazini. Kodi ikanishinda, mke wangu akasema twende kwao kwa wiki mbili tu.

Wiki mbili zikawa miezi minne.

Ndugu zangu, mwanaume kuishi ukweni si mchezo. Ukitoka bafuni unakohoa kwanza. Mashine imekaa sebuleni kwa watu kama mgeni asiyejua kuaga. Na mama mkwe hakulalamika hata siku moja, hicho ndicho kilichokuwa kinaniua. Angenitukana ningepona.

Aliyesema ni mke wangu.

"Mume wangu, nakupenda. Lakini mwezi ujao ukiisha tuko hapa hapa, hiyo mashine inauzwa, na wewe unakwenda kumsaidia kaka yangu kuuza matairi."

Kaka yake huniita "shemeji Kula-Kulala" mbele za watu. Matairi yake, hapana!

Ndipo nikasikia kuna meneja wa majengo ya kupangisha anatafuta mtu wa mazulia. Fleti arobaini na nane, ghorofa sita. Zote zisafishwe mara moja, na baada ya hapo kila mpangaji akihama unaitwa. Kazi ya kumtoa mtu ukweni kabisa.

Sharti: kotesheni tatu, ndipo achague.

Sasa nyie wafanyabiashara msijifanye malaika, mnajua kotesheni tatu zinavyopatikana. Unaandika yako, halafu unajitengenezea wapinzani wawili hewa wenye bei za kupaa, ili yako ionekane ya huruma.

Yangu niliandika elfu thelathini kwa fleti. Ya pili arobaini, namba ya simu nikaweka ya rafiki yangu fundi bomba. Ya tatu nikaibatiza Unyayo wa Dhahabu, elfu sitini, bei ya kichaa. Hapo nikaweka namba ya mama mkwe.

Kwa nini yeye? Kwa sababu mama hapokei namba asiyoijua. Anasema mtu asiyejulikana hana habari njema. Mpango wangu wote ulisimama juu ya tabia hiyo.

Nikazitia kwenye bahasha tatu, nikazificha kwenye droo ya cherehani, nikazipeleka ofisini kwa meneja siku tatu tofauti. Siku ya tatu nilivaa kofia.

Meneja akanipigia mimi kwanza. Sauti ya mwanamke, tulivu.

"Umeandika elfu thelathini kwa fleti. Ndani ya hiyo thelathini kuna nini?"

"Bosi, tunaweza kuzungumza."

"Sijasema ni ghali. Nimeuliza kuna nini."

"Basi ishirini na tano."

Nikasikia kalamu yake inaandika.

"Ishirini, bosi, na ngazi nakusafishia bure!"

"Asante," akasema, akakata.

Nikaruka juu. Nikamwambia mke wangu aanze kufunga mabegi.

Fundi bomba naye alipigiwa. Nilimfundisha aseme wamejaa kazi. Akasahau, akasema yeye anazibua vyoo tu.

Sikujali. Mshindi nilikuwa mimi.

Wiki ikapita kimya. Alasiri moja mama anashona, anasubiri simu ya bibi harusi mmoja aliyebadilisha namba. Simu ikalia. Akapokea.

"Mkurugenzi wa nini?"

Akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Akaziba simu kwa kiganja. "Mkwe. Unyayo wa Dhahabu ndiyo hili dude lako la sebuleni?"

"Ndiyo, Mama."

Akairudisha simu sikioni. "Ndiye mimi, mwanangu. Sema."

Sasa sikiliza. Huyu mama ameshona nguo za watu miaka thelathini. Kwake hutajiwi bei kabla hujajibu maswali: kitambaa cha nani, unaitaka lini, na ukinenepa je?

"Fleti ziko tupu au zina watu? Haya. Makochi anasogeza nani? Lifti inafanya kazi? Haifanyi. Basi kuanzia ghorofa ya nne tunaongeza. Maji na umeme ni vyenu. Na mpangaji mpya anaingia lini? Maana zulia linataka siku nzima kukauka. Usije ukanipa funguo leo yeye anaingia kesho asubuhi, utaniharibia jina."

Jina! Kampuni ina siku kumi tangu izaliwe!

"Hiyo sitini unayosema ni ya fleti tupu. Yenye watu na makochi, sabini. Ghali? Mwanangu, ghali ni kazi ya kurudia."

Akaweka simu chini, akaendelea na mshono wake.

"Tumepata. Jumatatu saa mbili asubuhi. Vaa shati lenye kola."

Miezi minne nilikuwa nalalamikia kazi yangu pale sebuleni kila jioni, nikidhani anasikiliza cherehani. Kumbe alikuwa ananisikiliza mimi.

"Mama, naomba unisamehe. Nilitumia namba yako bila..."

"Umenipa ukurugenzi bila kuniuliza. Basi mshahara wako nitapanga mimi."

Tulipiga kazi wiki tano. Mkurugenzi anakaa kwenye kiti mlangoni, futi ya kushonea shingoni, anapima vyumba. Kabla sijawasha mashine anamwita mpangaji waandike madoa yote yaliyopo, asije akatusingizia. Sikuwahi kuliwaza hilo. Mara ngapi nimelipia madoa ya watu!

Siku ya fleti ya mwisho meneja akaja kukagua. Alivua viatu, akatembea juu ya zulia, akaridhika. Nikajikaza nikamuuliza, eti kwa udadisi tu, kwa nini alichagua kampuni ya bei kubwa.

Akacheka.

"Kaka, bahasha zote tatu zilikuwa zinanuka mafuta ya cherehani. Na ile kofia haikukusaidia."

Nikainama, nikajifanya nakunja waya wa mashine.

"Nilijua mapema kwamba ni nyumba moja. Nilipiga simu nijue humo ndani nani anaijua kazi. Wewe nilikuuliza swali moja, ukashusha bei mara mbili. Nikajiuliza, mtu anayeikimbia bei yake hivi, atanikimbia na mimi nikiwa na malalamiko?"

Alipoondoka nikakaa kwenye ngazi. Iliniuma, sitadanganya. Maana kazi naijua. Mazulia yale niliyatakatisha mimi, kwa magoti yangu. Lakini siku ile kwenye simu hakuwa anaongea fundi wa mazulia, alikuwa anaongea Kula-Kulala, mtu anayekohoa akitoka bafuni, anayeamini kuwa kila anachopewa ni hisani.

Bei niliyotaja haikuwa ya zulia. Nilikuwa nimejipangia bei mimi mwenyewe.

Mama akanikuta pale. Sijui kama alisikia. Alinipa bahasha, mshahara pamoja na kodi ya miezi mitatu.

"Muhame," akasema. "Mtu akifanya kazi namna hii hakai sebuleni kwa watu."

Tukahama Jumamosi.

Funzo ni hili: kabla hujamtajia mteja bei, jiulize unatoza kazi au unatoza aibu yako. Ukiiona mwenyewe ni kubwa mno, hakuna atakayekubishia.

Na ukiwa na mazulia yako, tafadhali usinipigie mimi. Mpigie mkurugenzi. Juzi tu nilipokea simu yake akiwa jikoni, na kabla mteja hajamaliza salamu nilikuwa nimeshampunguzia elfu tano.